Shahidi Nambari Nne

Aliyekuwa nasi Jumamosi iliyopita anakumbuka tulipomwacha Almasi: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndani ya nyumba yao iliyopasuka, mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza, kidole kimoja juu ya kipande cha kioo.

Ilikuwa kazi yake ya kila siku tangu tetemeko. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, hupita ukutani akiwatazama mashahidi saba. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Wa tatu mzima. Alipofika kwa wa nne akaona amepata vumbi, akataka kumpangusa kidogo, apendeze mbele ya Injinia.

Wa nne akacheza kama jino bovu.

Na nyuma yake sauti ikafoka: "Toa mkono hapo!"

Wako wasomaji walioapa kuwa huyo ni mwizi. Wako waliosema ni Injinia, na hao nawajua nia zao. Poleni nyote. Alikuwa baba yake, amevaa fulana ya ndani, mswaki mdomoni, povu kidevuni.

"Baba! Umenishtua."

"Na wewe umemshtua shahidi. Mara ngapi Injinia amesema mashahidi hawaguswi? Wanatazamwa. Kwa macho. Mungu alikupa mawili."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Toka nje, chai inapoa."

Kwa anayeanza nasi leo, nisikuache njiani. Tetemeko lenyewe lilichukua sekunde ishirini na mbili tu, na katika sekunde hizo nusu ya madirisha ya mji yalishuka barabarani. Almasi na baba yake ni mafundi vioo. Kabla ya hapo waliweza kukaa siku tatu wakimngoja mteja mmoja mwenye picha ya harusi ya kutia fremu. Sasa foleni ilitoka mlangoni kwao ikapinda kona ya posta. Kufa kufaana.

Binti mwenyewe anaitwa Almasi kwa sababu ya kile kikalamu cha kukatia kioo, chenye ncha ya almasi, anachokichomeka nyuma ya sikio tangu ana miaka kumi na mbili. Jina lake la cheti analijua baba yake, na siku hizi naye hulisahau.

Nyumba yao ni ya ghorofa moja. Chini duka la vioo, nyuma ya duka vyumba viwili vya baba na binti. Juu anakaa Mama Mapacha, mshonaji, na wanawe wawili wa kike wa miaka minne. Tangu tetemeko wote wanalala kwenye hema, katika uwanja wa mpira wa shule.

Sasa hao mashahidi. Ufa hausemi kama umelala au unatembea. Kwa hiyo Injinia wa manispaa huchukua kipande chembamba cha kioo, kirefu kupita kidole, akakilaza juu ya ufa na kukibana ncha zote mbili kwa plasta. Plasta ikikauka inakuwa jiwe. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinakatika katikati. Kikikaa siku tisa bila kukatika, nyumba inapigwa rangi ya kijani, rudini mkalale. Kikikatika, rangi nyekundu, na nyuma ya rangi nyekundu huja katapila.

Leo ilikuwa siku ya tisa. Injinia angefika saa nne.

Almasi alitoka nje, akavua kofia ngumu aliyoazimwa, akatazama ncha ya kidole chake. Kulikuwa na kitu. Hakikuwa vumbi la plasta. Alikisugua kwa dole gumba, kikaviringika laini kama nta. Akakinusa.

Puti.

Mtoto wa fundi vioo huijua harufu ya puti hata akiwa usingizini. Ni ule unga uliokandwa kwa mafuta ambao hubanwa kuzunguka kioo cha dirisha. Haukauki upesi. Dirisha likitikisika, puti inalegea, kioo kinapona. Ndiyo kazi yake, na dirishani ni kazi njema.

Lakini shahidi aliyewekwa kwenye puti ni shahidi aliyehongwa. Ukuta unaweza kutembea mpaka sokoni na kurudi, yeye ametulia, mzima, anang'aa.

Akarudi ndani mara moja kutazama. Juu ya puti ile mtu alikuwa amenyunyiza unga wa plasta, ionekane nyeupe kama plasta za mashahidi wengine. Pale unga ulipopanguka kulikuwa na alama ya dole gumba. Dole lenye nusu ukucha.

Almasi alimjua mtu mmoja tu mwenye dole hilo, na sasa hivi mtu huyo alikuwa anasukutua mdomo kando ya bomba.

"Baba."

"Naam."

"Ile nambari nne..."

Baba akasimamisha kikombe hewani. "Nambari nne ina nini?"

Msomaji, Almasi ni mtu ambaye akikanyagwa mguu, yeye ndiye husema samahani. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Imekaa vizuri," akasema.

"Aa, imekaa vizuri," Baba akakubali, akamwaga maji yote chini.

Saa tatu na nusu honi ililia mtaani kama ng'ombe aliyekwama. Ilikuwa pikapu ya Shangazi, na Shangazi mwenyewe alikuwa ameshaanza kusema kabla gari halijasimama.

"Siku tisa mnaishi hemani kama wanafunzi wa skauti! Mizigo iko wapi? Mwanangu, umekonda. We mdogo wangu, unamlisha nini mtoto, vioo?"

"Karibu, dada," Baba akasema. "Rangi bado."

Mapatano yalikuwa yameshafanywa kwa simu. Nyumba ikipata kijani, Almasi anabaki. Ikipata nyekundu, anakwenda na Shangazi kwenye mji wake, safari ya saa saba. Huko amemtafutia kazi katika kiwanda cha madirisha, na chumba chenye kuta nne zinazojua kukaa kimya.

"Rangi, rangi," Shangazi akasema. "Wewe mwenyewe, mzazi wake, unasemaje?"

Baba aliokota ufagio, ingawa pale alipokuwa amesimama palikuwa safi. "Mtu mzima hafungwi kamba. Akitaka kwenda, njia ile."

"Na wewe, mama? Unataka nini?"

"Mtakavyoona, Shangazi."

"Haya! Ningeuliza ukuta ningejibiwa upesi zaidi."

Miaka kumi na moja baba na binti wameishi wawili tu, tangu mama wa nyumba alipotangulia. Wameongea mengi: vipimo vya madirisha, unene wa vioo, nani alale chumba chenye feni. Hayo mengine hupitia kazini. Baba akikasirika, huchonga kingo za meza. Almasi akihuzunika, hufuta vioo ambavyo ni safi tayari. Sasa alikuwa anafuta kioo cha pembeni cha pikapu, kwa upindo wa kanga, kwa mara ya tatu.

Kama angesema, nyumba ingepata nyekundu, na yeye angeondoka. Tena baba yake angeaibika mbele ya mji mzima. Kama angenyamaza, angebaki nyumbani. Wote wangebaki. Chini ya ngazi ile.

"Pisheni! Pisheni njia, mwenye kitanda amerudi!"

Mama Mapacha aliingia uani na godoro kichwani, kwa nyuma mapacha wameshika ncha za kanga yake kama mabehewa.

"Rangi bado," Baba akamwambia naye.

"Rangi itanikuta juu nimeshatandika. Nimelala siku tisa jirani na mtu anayekoroma kama mashine ya kusaga. Leo nalala kwangu."

"Mama, nyumba bado inaumwa?" pacha mmoja akauliza.

"Imepona. Uliza hata Injinia, huyo anakuja."

Kweli, Injinia alikuwa anaingia, kofia ya njano kichwani, kopo la rangi mkono huu na kopo la rangi mkono ule. Alikuwa kijana mrefu mwenye uso mwema, na alipomwona Almasi alisahau ni kopo lipi alitaka kuweka chini kwanza.

"Habari za asubuhi. Nyufa zako zimeamkaje?" Akasikia alichosema. "Namaanisha za ukuta."

"Tumeelewa, Injinia," Mama Mapacha akasema. "Ingia kazini."

Akaingia na tochi. Wote wakasongamana mlangoni wakimfuata kwa macho. Shahidi wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Kila mmoja aliandikwa kwenye karatasi. Kwa wa tatu alisita, Shangazi akaguna, kumbe kalamu ilikuwa imegoma tu. Wa nne, juu ya ufa mkubwa wa ngazini.

Injinia alimulika kushoto. Akamulika kulia. Akasoma namba na tarehe aliyoikwaruza mwenyewe juu ya kioo.

"Mzima," Injinia akasema. "Huyu ndiye niliyemwogopa. Mzima kabisa!"

Wa tano, wa sita na wa saba walikaguliwa kama wageni wa mwisho kwenye foleni. Kisha akatoka, akapiga goti na kufungua kopo kwa bisibisi. Kijani. Mama Mapacha alipiga kigelegele, akainama mlangoni ili godoro lipite, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, mapacha nyuma yake wakiimba.

Almasi alifungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Mguu wa Mama Mapacha ukapanda ngazi ya pili.

Basi kile ambacho mdomo ulishindwa, mikono ilikifanya. Aliruka, akashika godoro kwa nyuma na kulivuta kwa nguvu zake zote. Godoro likateleza, Mama Mapacha akalifuata kinyumenyume, akakaa juu yake puu! Mapacha wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo.

"Wee binti! Umepagawa?"

Almasi alinyoosha mkono ukutani akamshika Shahidi Nambari Nne kwa vidole viwili, akamtoa kama mtu anayetoa sabuni kwenye kisahani. Alitoka mzima, bila hata kulia. Nyuma yake zikaning'inia nyuzi mbili za puti.

Tone la kijani lilianguka kutoka kwenye brashi ya Injinia likatua juu ya kiatu chake, na yeye hakuliona.

"Hiyo ni puti?"

"Ndiyo."

"Nani ametia puti kwenye shahidi wangu?"

Baba alikuwa anatazama ufagio kana kwamba ndio kwanza anauona. Almasi akamtazama baba, akatazama mabega yake yaliyoanza kushuka. Na mara hii neno likatoka, jepesi, kabla hajalipima.

"Mimi."

"Wewe?"

"Kilidondoka nikifagia. Nikakirudisha. Mkono ukaenda kwenye ndoo ya puti. Mazoea ya kazi."

Na hebu fikiri, nani asingeamini? Mpishi akipewa dawa ataionja chumvi. Fundi vioo mwambie abandike kioo, mkono utaenda kwenye puti.

"Mazoea!" Mama Mapacha alikuwa bado amekaa chini. "Niwalaze wanangu juu ya mazoea yako! Mimi niliyekushonea sare tangu darasa la kwanza!"

Kilichomuuma Almasi zaidi ni uso wa Injinia. Vipande vyote vya mashahidi wa mji ule, nyumba mia tatu na kitu, vilikatwa na mkono wa Almasi, na kila jioni Injinia alikuwa anakuja mwenyewe kuvichukua, ingawa manispaa ina dereva.

"Itabidi nivikague upya vyote," alisema polepole. "Na vingine vitakatwa kwingine. Samahani. Watu wanalala chini ya vioo vile."

Aliingia tena ngazini. Siku ya kwanza ufa ule ulikuwa unapitisha kadi, kwa shida. Leo aliingiza kalamu, ikaingia nzima, ikakaa humo mpaka alipoichomoa.

Akafunika kopo la kijani. Akafungua la pili.

Alama nyekundu juu ya mlango ilikuwa kubwa, mistari miwili iliyopishana. Rangi ikachuruzika mpaka kwenye kizingiti.

"Basi," Shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ndogo. "Rangi imesema. Twende, mama, kabla jua halijawa kali."

Begi lilikuwa moja tu, lilitoka hemani. Baba alilipakia mwenyewe, akafunga turubai mafundo matatu pale ambapo moja lingetosha.

"Barabara ina mashimo," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mkifika mpige simu."

"Tutapiga."

"Kule watakuwa na mashine za kukatia. Usiweke kidole karibu."

"Sitaweka."

Shangazi aliwasha gari. Almasi alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wakati Injinia alipomfuata na karatasi yake, macho chini.

"Samahani sana. Taarifa inataka sahihi ya aliyemharibu shahidi. Hapa."

Almasi akachukua kalamu, akaweka karatasi juu ya boneti.

"Usiandike," Baba akasema.

Hakusikika kwa mngurumo wa gari. Ikabidi aseme tena, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwa sauti hiyo.

"Usiandike! Mimi nilikufundisha kukata mstari ulionyooka. Usitie sahihi jambo lililopinda. Injinia, puti niliweka mimi."

Kalamu ikabaki hewani.

"Mzee?" Injinia akauliza.

"Mimi. Tazama dole, likapime na ile puti."

Mama Mapacha alimtazama, kisha akapumua kwa nguvu. "Haya, basi. Uzee nao. Mkono wa miaka arobaini kazini utaenda wapi kama si kwenye puti? Tumsamehe mzee wetu."

"Kweli," Injinia akasema, na uso wake ulikuwa umeanza kurudiwa na rangi. "Nitaandika bahati mbaya. Mazoea ya mkono. Yanatokea."

Mlango ulikuwa wazi kabisa, msomaji. Baba alihitaji kutikisa kichwa kukubali tu, apite, kila mtu aende zake. Na kweli akakitikisa. Kisha akakisimamisha.

"Hapana. Mkono haukukosea. Mkono ulitumwa."

"Unasemaje?"

"Juzi jioni, kile kitetemeko kidogo kilichomwaga chai uwanjani. Nilikuja kutazama. Nne ilikuwa imekatika katikati. Nikakata kingine. Nikakwaruza namba yako na tarehe yako. Plasta ilikuwepo, kopo zima. Nikachukua puti."

Mapacha walikuwa wanarukaruka juu ya godoro. Mama yao aliwavuta, akawakumbatia wote wawili kwa mkono mmoja.

"Wanangu walikuwa wanapanda hapo."

"Ningekuzuia. Ningekuambia mlale hemani siku mbili tatu zaidi, kwanza nilale mimi..."

"Ungeniambia lini? Godoro lilikuwa kichwani!"

Baba alifungua mikono yake miwili. Haikuwa na kitu. "Sina jibu, mama. Nimelitafuta siku mbili. Sina."

Shangazi alikuwa ameshuka garini, ameacha injini inanguruma. "Lakini kwa ajili ya nini, mdogo wangu? Nyumba ni matofali! Matofali yananunuliwa!"

"Siyo nyumba."

"Ni nini?"

"Ikipata nyekundu, anaondoka."

"Si wewe uliyesema mtu mzima hafungwi kamba?"

"Nilisema."

"Si ungesema neno moja tu? Moja! Ningegeuza gari palepale!"

"Neno lenyewe lilinishinda, dada. Puti ilikuwa rahisi zaidi."

Almasi alikuwa bado amesimama kando ya boneti, mkono mmoja juu ya karatasi isiyo na sahihi, mwingine kwenye kitasa cha mlango. Baba aliweka ufagio chini. Hakuusimamisha ukutani kama kawaida yake, aliuacha tu ukaanguka. Alimsogelea binti yake akasimama mbele yake, mikono imelegea, kama mteja aliyesahau vipimo.

"Tutalala hemani," alisema. "Kazi nitaiweka chini ya turubai. Injinia anifanye atakavyo, nastahili. Wewe una haki ya kwenda, tena kule ni kuzuri kuliko hapa, Shangazi yako hasemi uongo. Lakini umeuliza kwa macho tangu juzi, na mimi nimekujibu kwa ufagio."

"Mwanangu, sitaki uende. Siku ile ya simu sikutaka. Leo sitaki. Usiende."